Ngozi isipauke: kijivu kwanza, kuchota kwenye picha, au rangi moja kwa moja?

"Mwanangu, mbona umenichora sijapaka mafuta?"

Shangazi yangu hakuwa anatania. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wasiopenda kuvaa miwani, akaitazama picha niliyohangaika nayo siku mbili. Sura ilikuwa yake: pua yake, mikunjo ya pembeni mwa macho, kanga aliyoifunga kichwani vilevile anavyoifunga. Ila ngozi ilikuwa imepauka kama ya mtoto aliyetoka kuogelea mtoni mwezi wa saba. Nilikuwa nimeitafuta kahawia yake kwa saa nzima, na bado nilimpaka majivu.

Tangu siku ile nimemchora mara tatu zaidi kutoka picha ileile ya simu. Amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba huko Muheza, saa kumi alasiri, jua linamjia kutoka kushoto, anga la bluu juu yake, udongo mwekundu miguuni. Mara ya kwanza nilianza kwa kijivu kisha nikapaka rangi juu. Mara ya pili nilichota rangi kutoka kwenye picha yenyewe. Mara ya tatu niliweka rangi kwa mkono wangu tangu mwanzo. Hizi ndizo njia tatu ambazo kila anayeanza kuchora kidijitali huambiwa achague, na kila fundi huisifia ya kwake. Nazilinganisha hapa nikiwa na ngozi nyeusi mbele yangu, maana mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni yamejaribiwa kwenye ngozi nyeupe, na yanapofika kwetu yanaanza kuchechemea.

Yale mafuta

Tuanze na mafuta, kwa sababu shangazi aligusa penyewe.

Mwanga ukifika kwenye ngozi hugawanyika. Sehemu ndogo, asilimia chache tu, hurudi palepale juu bila kuingia ndani. Huo ndio mng'ao wa paji la uso, wa ncha ya pua na wa mfupa wa shavu. Mng'ao huo hauna rangi ya ngozi, una rangi ya chanzo chake: ukitoka kwenye taa ya njano ni wa njano, ukitoka angani ni wa bluu. Sehemu iliyobaki huzama, hutawanyika, hupita kwenye melanini (kile kinachoipa ngozi weusi wake) ya tabaka la juu, hufika kwenye damu, na kiasi chake hutoka tena kikiwa kimebeba wekundu na uchungwa. Kwa mtu mweupe kiasi hicho ni kikubwa. Kwa mtu mweusi, melanini humeza sehemu kubwa njiani. Lakini ule mwanga wa juu haujali melanini: kwa mweupe na kwa mweusi hurudi karibu sawasawa. Ndiyo maana kwenye uso mweusi mng'ao huonekana mkali. Haukuongezeka, ila umezungukwa na giza.

Sasa mafuta yanaingiaje? Yanausawazisha uso wa ngozi, mng'ao ukakusanyika mahali pamoja. Ngozi kavu ina vigamba vidogo sana vinavyoutawanya mwanga uleule kila upande, ukalala juu ya weusi kama vumbi la chaki. Hiyo ndiyo kupauka. Na mchoraji anayeiangaza ngozi nyeusi kwa kuongeza nyeupe kwenye kahawia, polepole, kila mahali, kwa brashi laini, anafanya kazi ileile ya vigamba.

Basi kipimo changu kwa kila njia ni kimoja: je, inaniruhusu kutenganisha rangi inayotoka ndani ya ngozi na mwanga unaolala juu yake? Mengine, kama haraka na urahisi, yanafuata nyuma.

Kijivu kwanza

Njia hii ni ya zamani sana. Wachoraji wa Italia wa zama za kati walitanguliza chini ya ngozi rangi ya kijani-kijivu iitwayo verdaccio, na baadaye wachoraji wa rangi za mafuta wa Ulaya walikamilisha sura nzima kwa kijivu kabla ya kuifunika kwa matabaka mepesi ya rangi yanayopenyeza mwanga. Kwenye kompyuta mambo yamerahisishwa: unachora sura kwa nyeusi, nyeupe na vijivu vya kati, unafungua leya mpya (tabaka la kuchorea linalokaa juu ya jingine), unaiweka kwenye modi ya rangi, unapaka kahawia. Dakika tano, umepata mtu.

Siidharau. Kazi ngumu kuliko zote katika kuchora uso ni kuamua kipi kiko juani na kipi kiko kivulini, na hapa unaimaliza bila kusumbuliwa na rangi. Mtu ambaye bado anahangaika na umbo la pua asijiongezee mzigo wa pili. Ningekuwa nafundisha darasa la wanaoanza, wiki za kwanza ningewanyima rangi kabisa.

Matatizo yanakuja baadaye, na yapo mawili.

La kwanza ni ile modi yenyewe. Leya ya modi ya rangi hutoa aina ya rangi na ukolezi wake, lakini mwangaza unabaki wa leya ya chini. Ukipaka kahawia moja, basi mwanga, kivuli na mng'ao vyote vinapata kahawia hiyohiyo. Ngozi haifanyi hivyo. Pale Muheza shavu la upande wa jua lilikuwa la kahawia inayoelekea chungwa, mpaka wa kivuli ulikuwa umekolea wekundu, kivuli cha kipaji kilikuwa kimepokea ubluu wa anga, na chini ya kidevu udongo ulikuwa unarudisha wekundu wake. Mimi nilikuwa na kahawia moja. Na ule mng'ao wa kipaji, uliostahili kuwa wa bluu hafifu, ukageuka kahawia iliyochujuka. Shangazi akawa kinyago kilichopakwa vanishi.

La pili ni kijivu cha mazoea. Mkono uliofundishwa kwa mifano ya watu weupe huanzia katikati ya ngazi ya vijivu bila kujua. Kwa shangazi, sehemu kubwa ya uso inakaa kwenye theluthi ya chini ya ngazi hiyo, na mng'ao peke yake ndio unaoruka juu. Ukimchora kwa vijivu vya kati halafu ukapaka kahawia, hupati mtu mweusi. Unapata mtu mweupe aliyejipaka.

Dawa ya tatizo la kwanza ipo, na anayechagua njia hii asiache kuijaribu: badala ya leya ya modi ya rangi, tumia kichujio cha gredienti. Hiki hukuruhusu kukipa kila kijivu rangi yake. Mimi nililipa giza kabisa zambarau yenye wekundu, kivuli nikakipa kahawia nyekundu, mwanga wa kati nikaupa kahawia ya chungwa, na ncha ya juu kabisa nikaipa bluu iliyopoa. Papo hapo uso ukapata damu. Tofauti ni kubwa hivi kwamba nilikasirika kwa miaka niliyopoteza.

Ila kichujio hicho nacho ni kipofu. Kivuli cha kipaji na kivuli cha chini ya kidevu vina kijivu kilekile, kwa hiyo kinavipa rangi moja, ilhali kimoja kinatazama anga na kingine kinatazama udongo. Hapo inabidi ushike brashi na kurekebisha kwa mkono. Yaani njia ya kijivu, ukiifuata kwa uaminifu mpaka mwisho, inakufikisha mlangoni pa njia ya tatu.

Kuchota kwenye picha

Hii ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote, na inayotumiwa kisirisiri kuliko zote. Unaweka picha pembeni, unagusa shavu kwa kichota rangi, unapaka. Unagusa pua, unapaka. Baada ya saa tatu tu nilikuwa nimemaliza.

Ina somo moja ambalo sijalipata kwingine kwa urahisi hivyo. Gusa mng'ao wa kipaji cha mtu mweusi aliyepigwa picha nje mchana, kisha utazame rangi iliyotoka ikiwa peke yake. Hutaona kahawia. Utaona kijivu-bluu, kama bati. Gusa kivuli cha shavu karibu na kitambaa chekundu, utapata rangi ya matofali. Jicho linatudanganya kwa sababu ubongo unajua "hii ni ngozi" na unairudishia kahawia yake. Kichota rangi hakijui ngozi ni nini. Kwa mazoezi ya dakika kumi kila siku, sijui kifaa bora zaidi.

Kwa picha ya kumaliza, hapana. Kwanza, kamera si shahidi mwaminifu. Kipima mwanga cha kamera hupenda kuvuta kila kitu kuelekea kijivu cha kati: sura nyeusi ikijaza fremu huangazwa kupita kiasi, ikisimama mbele ya ukuta mweupe huzamishwa. Juu yake, simu nyingi huja na kulainisha na kung'arisha uso ambako mwenye simu hata hajui kumewashwa. Pia picha za simu hubanwa, na katika kubanwa huko rangi ndiyo hupunguzwa zaidi kuliko mwangaza; ukigusa pikseli moja unaweza kupata kijani kwenye shavu. (Kama lazima uchote, nenda kwenye mipangilio ya kichota rangi ukiambie kichukue wastani wa eneo, tuseme pikseli tano kwa tano. Kwenye Photoshop na Krita chaguo hilo lipo.)

Tena historia ya upigaji picha haikuwa upande wetu. Tangu miaka ya 1950 maabara za Marekani zilirekebisha rangi kwa kadi zilizotolewa na Kodak, zenye picha ya mwanamke mweupe, wakaziita kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha "sawa". Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kusambazwa katika miaka ya 1990. Kampuni za simu nazo zimechelewa: Google ilianza kutangaza Real Tone, marekebisho ya kamera yaliyolenga ngozi nyeusi, kwenye Pixel 6 mwaka 2021.

Hili linauma hasa katika kazi ambayo wengi wetu tunaipata: familia inakuja na picha ya marehemu, ya miaka ya sabini au themanini, wanataka sura kubwa ya kutundika sebuleni. Picha nyingi za rangi za wakati ule zimegeuka nyekundu kwa sababu wino wake wa bluu-kijani hufifia kabla ya wenzake hata zikikaa gizani kwenye albamu. Ukichota humo, unachota ugonjwa wa karatasi. Niliwahi kumpa mteja baba yake akiwa na rangi ya nyama mbichi. Siku hizi picha kama hiyo naichukulia umbo tu, na kuhusu rangi namwuliza mteja swali moja: kati ya ndugu walio hai, nani amemfanana kwa rangi? Naomba picha ya huyo, ya mchana, kivulini.

Rangi moja kwa moja

Hapa hakuna kijivu wala kuchota. Unaweka kahawia ya kwanza, unaitazama, unaweka ya pili ukiilinganisha na ya kwanza. Ndiyo njia iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, saa nane kwa jaribio lile, na ndiyo pekee iliyompendeza shangazi.

Nitakupa namba, lakini uzishike kwa mkono legevu. Karibu kila programu ina vitelezi vitatu: nyuzi za duara la rangi, ukolezi, na mwangaza. Rangi ya kati ya ngozi ya shangazi niliianzisha kwenye nyuzi 18, ukolezi 55, mwangaza 40. Kwa wanaopenda kuandika msimbo ni #663F2E. Mpaka wa kivuli, pale jua linapokata, nilishuka hadi nyuzi 14, nikapandisha ukolezi hadi 70, mwangaza 32. Kivuli chenyewe nyuzi 9, ukolezi 60, mwangaza 22. Chini ya kidevu, kwa ajili ya ule udongo, nyuzi 16, ukolezi 68, mwangaza 30. Na mng'ao: nyuzi 215, ukolezi 18, mwangaza 75. Tazama tena namba hiyo ya mwisho. Imeruka upande wa pili wa duara kabisa. Huo si uzembe, ndiyo ile bati ya anga tuliyoikuta kwa kichota rangi.

Sasa, mtego. Ukiichanganya hiyo bluu na kahawia kwa brashi laini, katikati yake hutokea kijivu, kwa sababu chungwa na bluu zinatazamana kwenye duara na programu za kawaida huzichanganya kwa kukata njia ya mkato katikati. Kijivu hicho kikitambaa kipaji kizima, majivu yamerudi. Kwa hiyo mng'ao nauweka mwisho, kwenye leya yake, kwa brashi yenye ukingo, vipande vidogo, na nalainisha upande mmoja tu wa kila kipande. Ukizidi kulainisha umeharibu. Nadhani hili ndilo linalotofautisha ngozi iliyopakwa mafuta na iliyopauka kuliko uchaguzi wowote wa kahawia.

Kisha uso si rangi moja yenye vivuli. Kwa watu weusi wengi niliowachora, kipaji ni cheusi kuliko mashavu, kuzunguka mdomo kumekoza, chini ya macho kuna zambarau. Mdomo wa juu hukaribia rangi ya ngozi, wa chini una uwaridi unaoingia ndani. Viganja vina mwangaza mkubwa kuliko mgongo wa mkono na vimeelekea njano. Vifundo vya vidole na viwiko vimekoza. Sikio likipigwa jua kwa nyuma huwaka wekundu hata kwa mtu mweusi tii, maana pale nyama ni nyembamba na mwanga unapenya. Kwa mtu mweupe mafunzo husema kipaji njano, pua na mashavu nyekundu, kidevu bluu. Ukihamisha ramani hiyo kwa shangazi bila kuibadilisha, atakuwa na mashavu ya mwanasesere.

Na kwa mtu wa maji ya kunde? Jina hili tumelizoea mpaka hatulitazami. Siku moja nilichemsha kunde, nikachuja maji kwenye kikombe cheupe, nikakaa nayo dirishani. Yana wekundu kuliko nilivyotarajia, na yakiwa kina kirefu yanakuwa kahawia nzito huku ukingoni yanakaribia chungwa. Tangu hapo ngozi hiyo naianzia karibu na nyuzi 24, ukolezi 50, mwangaza 62, na sehemu nyembamba kama kingo za pua nasogeza nyuzi kuelekea wekundu. Kwa ngozi hii mng'ao haupigi kelele sana. Kazi kubwa iko kwenye mpaka wa kivuli, ambako damu inaonekana vizuri zaidi.

Udhaifu wa njia hii ni mwangaza kukuponyoka. Rangi iliyokolea inajifanya angavu kuliko ilivyo. Na ile namba ya mwangaza kwenye vitelezi haisemi ukweli wote: njano ya 60 na zambarau ya 60 hazina ung'avu sawa machoni. Dawa: fungua leya juu ya zote, ijaze nyeusi tupu, iweke kwenye modi ya rangi. Picha nzima itageuka kijivu na makosa yatajitokeza. Izime, endelea. Mimi naiwasha kila nusu saa. Kwa namna fulani nimeirudisha njia ya kijivu kwa mlango wa nyuma, kama mkaguzi badala ya mwenye nyumba.

Neno moja kuhusu ngazi za rangi za ngozi zinazozunguka mitandaoni kama paleti. Ile ya Fitzpatrick ya mwaka 1975 ilitengenezwa na daktari wa ngozi aliyetaka kujua nani huungua na jua na nani hukoza. Zile rangi tano za vidole na nyuso za emoji, zilizoingia mwaka 2015, zimetokana nayo. Ile ya Monk ya mwaka 2022 ina ngazi 10, na Google iliitoa kwa ajili ya kupima kama mitambo yao inawatambua watu wote. Zote zina kazi yake. Lakini ni vipande bapa, havina jua wala kivuli. Ukimchora mtu kwa ngazi ya nane na nyeupe na nyeusi, umerudi kwenye majivu kwa njia ndefu.

Unachoreshea nini?

Programu haibadilishi ngozi, ila inaweza kukusukuma upande mmoja.

Krita ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Linux, Mac na tableti za Android, na kichagua rangi chake kinaweza kuwekwa kifuate ung'avu wa kweli kwa macho badala ya ile namba ya uongo niliyoilalamikia. Kwa rangi moja kwa moja, na kwa mfuko mtupu, ningeanzia hapo. Vichujio vyake vinawekwa kama kinyago juu ya leya, kwa hiyo gredienti unaweza kuibadilisha hata kesho.

Photoshop inalipiwa kila mwezi, na ukiacha kulipa imefungwa. Kwa wanaopeleka kazi za kuchapa mara kwa mara, usimamizi wake wa rangi unastahili. Kwa shangazi na majirani zake, hapana.

Procreate ni ya iPad, unalipa mara moja. Brashi zake ni tamu. Ila idadi ya leya inategemea ukubwa wa turubai na kumbukumbu ya kifaa, na njia ya kijivu hula leya kuliko nyingine. Mwenye iPad ya zamani akitaka turubai kubwa, rangi moja kwa moja itamfaa zaidi hata kama hakupanga.

Simu pekee? ibis Paint inatosha, na wapo wanaofanya maajabu humo kwa kidole. Shida ya simu si programu, ni skrini: nyingi huzidisha ukolezi, kwa hiyo unapaka kidogo ukidhani umepaka sana, na picha ikifika kwenye kompyuta ya mtu mwingine imechujuka. Zima hali ya rangi kali kwenye mipangilio ya skrini, na usichore usiku huku kichujio cha njano cha kulinda macho kimewaka. Nimefanya hivyo. Mteja alipokea mtu wa bluu.

Kwa hiyo ipi?

Kama bado sura zinakupinda, yaani macho hayalingani na taya inateleza, chukua kijivu, ukishuka kwenye theluthi ya chini ya ngazi, na upake rangi kwa gredienti. Kama una kazi kumi za haraka kwa wiki, sura za mtindo mmoja kwa ajili ya matangazo, kijivu na gredienti iliyokwisha kuhifadhiwa itakuokoa. Hakuna atakayetazama kidevu.

Kama una mtu mmoja, ndugu zake wanamjua, na picha itatundikwa, weka rangi moja kwa moja. Jamaa husamehe pua iliyokosewa kidogo, lakini rangi hawasamehi, na kwa kawaida hawawezi kukuambia kosa liko wapi. Watasema tu "kama si yeye."

Kuchota, chota kila siku, ila kwenye faili la mazoezi. Mtu anayechanganya njia zote tatu kwenye picha moja simzuii, mradi mng'ao autunze mwisho na kwenye leya yake.

Kuna jambo moja la kuchapa ambalo limenigharimu. Wino hunywewa na karatasi, na kahawia nzito zinazotofautiana vizuri kwenye skrini huungana kuwa doa moja. Turubai yangu ya pikseli 3000 kwa 4000, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi inatoa karatasi ya karibu sentimita 25 kwa 34, ilirudi kutoka kwa mchapaji na upande mzima wa shingo ukiwa mweusi tupu. Sasa kabla ya kutuma naandaa nakala ambayo vivuli vyake nimevipandisha, hakuna ngozi chini ya mwangaza 20, na naomba kipande kidogo kichapwe kwanza, kile chenye shingo na kidevu. Mchapaji akikataa kuchapa kipande, natafuta mwingine.

Ile ya tatu niliichapa hivyo, nikaipeleka Muheza kwa basi, imeviringishwa kwenye bomba la plastiki. Shangazi aliibeba mpaka mlangoni penye mwanga, akaisogeza mbali na macho, akakaa kimya kidogo.

"Haya, leo nimepaka mafuta," akasema. Kisha akaweka kidole kichwani pa picha. "Ila baba, kanga yangu hii si ya njano hivi."

Ilikuwa ya njano hivyo. Lakini imefuliwa mara nyingi tangu picha ipigwe, na sikubishana naye.